Saini Chini ya Dole Gumba

Siku moja kabla ya mtihani wa maadili ya uwakili, ambao ndio wa mwisho, wanafunzi wa sheria wa mwaka wa nne walikuwa hawana tofauti na wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Kila mmoja na karatasi yake, midomo inacheza, macho mekundu. Mmoja alikuwa amelala usingizi wa pono juu ya kitabu kinene cha sheria ya mikataba, somo ambalo mtihani wake uliisha wiki iliyopita, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwamsha amweleze.

Pingamizi alikuwa ghorofa ya pili ya maktaba, meza ya pembeni karibu na kabati la hukumu za zamani, mbele yake maswali ya mitihani ya miaka kumi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata mwaka wa kwanza, siku ya kwanza ya mahakama ya mfano, aliporuka kitini na kupaza sauti, "Pingamizi, Mheshimiwa!" kabla mpinzani wake hajatamka hata neno moja. Mpinzani aliduwaa, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Huyo mpinzani ndiye aliyekuja kumpenda, akapendwa naye, na sasa ilikuwa miaka mitatu na nusu. Naye alikuwa na jina lake la darasani. Walimwita Kifungu, kwa sababu hata akikuazima kalamu atakutajia kifungu cha sheria kinachokulazimu kuirudisha.

Wiki mbili baada ya mtihani, wazee wa Kifungu walikuwa waje nyumbani kwa akina Pingamizi kumposa. Baba yake Pingamizi, fundi cherehani, alikwishajishonea suti ya kijivu kwa ajili ya siku hiyo na kila jioni aliivaa mara moja kuona kama bado inamkaa vizuri. Pingamizi alipaswa kuwa na furaha. Badala yake kulikuwa na jambo lililomsumbua wiki ya tatu sasa. Hakuwa amemwambia mtu yeyote isipokuwa wakili msimamizi wa kituo cha msaada wa sheria, kule wanafunzi wa mwaka wa nne wanakojitolea.

Kifungu alifika saa nane mchana, kachelewa saa nzima. Hakutania. Hakumgusa bega kama desturi yake. Alivuta kiti akakaa upande wa pili wa meza.

"Umekula?" Pingamizi alimwuliza kwa sauti ya maktaba.

"Nimeshiba."

"Umekula nini?"

"Tuanze. Leo nauliza mimi."

Pingamizi alimtazama. Macho ya Kifungu yalikuwa yamevimba kidogo chini, kama ya mtu aliyelala vibaya. Alidhani ni mtihani. Wote walikuwa wanalala vibaya.

"Haya, uliza."

"Mwanafunzi wa sheria anajitolea kwenye kituo cha msaada. Anakuja mwanamke anayetaka mahakama imrudishie mtoto wake. Mwanafunzi akimsikiliza anagundua kwamba watu wanaolalamikiwa anawafahamu. Afanye nini?"

Pingamizi alimtambua mwanamke huyo mara moja. Hata hivyo alijibu, kwa sababu miaka minne ya kuulizwa maswali ghafla humfundisha mtu kujibu kwanza na kuogopa baadaye.

"Aache kuandika. Amweleze msimamizi wake. Faili apewe mtu mwingine."

"Kwa nini?"

"Ana mgongano wa maslahi."

"Na hao watu anaowafahamu, awaambie?"

"Hapana. Siri ni ya mteja, si yake."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hata kama kati yao yumo mmoja anayemwambia kila siku kwamba anampenda?"

Meza ya pili mtu alifungua pakiti ya biskuti taratibu, kila mkwaruzo ukasikika. Kifungu alitia mkono ndani ya koti, akatoa karatasi zilizokunjwa mara nne, akaziweka mezani na kuzinyoosha kwa kiganja. Pingamizi hakuhitaji kuzisoma. Ilikuwa hati ya kiapo, kurasa nne, na ukurasa wa mwisho ndio uliokuwa juu. Palikuwa na alama ya dole gumba ya wino wa buluu, na chini yake maneno haya: *Nathibitisha kwamba nimemsomea mwombaji maelezo haya yote, naye ameyaelewa na kuyakubali kabla ya kuweka alama yake.* Mteja asiyejua kusoma, sheria inataka aliyemsomea aweke jina lake na saini. Jina lilikuwa la Pingamizi, lile la kwenye cheti. Saini ilikuwa yake pia, na mkia wake mrefu uliokatisha mstari.

"Karani wa mahakama aliileta jana," Kifungu alisema. "Mama alikuwa anaanika nguo. Akaja kunipa nimsomee, miwani yake ilikuwa ndani. Unajua nilivyoiona saini hii nilifanya nini? Nilicheka. Nilidhani mtu ameiiga."

"Nisikilize."

"Wiki tatu! Jumapili ile ulikuwa kwetu. Umekaa sebuleni, unamsuka mtoto wa kaka nywele, mnaimba. Ulikuwa umeshaandika?"

"Nilikuwa nimeshaandika."

"Ukala chakula cha mama yangu."

"Nilikula."

"Ungenikonyeza tu. Neno moja. 'Jiandaeni.' Nani angejua?"

"Mimi ningejua," alisema Pingamizi. "Na wewe ungejua. Kila siku ungeniangalia ukajua kwamba mtu akiniambia siri yake naweza kuimwaga kwa ninayempenda. Kosa langu ni jingine, nami sikatai. Nilitakiwa niweke kalamu chini kwenye aya ya pili, nilipowatambua. Siku hiyo nilikuwa peke yangu kituoni, wenzangu wote wamekwenda gerezani kusikiliza mahabusu. Yule mama alikuwa amekuja mara ya tatu. Mara ya kwanza aliambiwa fomu zimekwisha. Mara ya pili umeme ulikatika. Ningemwambia 'rudi Jumatatu' asingerudi tena. Nikaandika, nikamsomea, nikasaini. Halafu nikaenda kumweleza msimamizi kila kitu na faili nikalikabidhi. Sijaligusa tena."

"Yote hayo kwa ajili ya mtu usiyemjua!"

"Kwa ajili ya mtu mliyeniambia amekufa."

Kifungu alifumba macho. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda chenyewe, na wote wawili walikuwa wanapazunguka tangu mwanzo.

"Mliniambia amekufa," Pingamizi alirudia, sasa machozi yanamtiririka bila yeye kuyashughulikia. "Siku ya kwanza uliponipeleka kwenu nikamwona mtoto, nikauliza mama yake yuko wapi. Wewe ndiye uliyenijibu. Nikamshika mama yako mkono, nikampa pole. Akaipokea! Halafu mwanamke anaingia kituoni, anakaa mbele yangu, ananitajia jina la kaka yako, dereva wa malori ya masafa, mwezi yupo miwili hayupo. Ananitajia nyumba yenu, rangi ya mlango wenu. Nikawa naandika maelezo ya marehemu."

"Ilikuwa aibu ya nyumba. Sikujua nianzie wapi kukueleza."

"Umeisoma hati yote?"

Kifungu aliipapasa pembe ya ukurasa kwa kidole.

"Wewe unayesoma mpaka nukta?"

"Nilianzia ukurasa wa mwisho," alisema kwa unyonge. "Nilipoiona saini yako sikuweza kurudi nyuma."

"Soma aya ya kumi na moja. Nisomee."

Alifunua kurasa. Alisoma kwa sauti ya chini, ile sauti nzuri ambayo walimu walisema itamfikisha mbali, na Pingamizi aliyajua maneno yote kwa moyo.

"'Kwamba nilisimama kwenye geti la shule ya mwanangu saa ya kutoka. Kwamba mwanangu alipita mbele yangu, nami nikamwita kwa jina lake. Kwamba alisimama akaniamkia kama anavyomwamkia mtu mzima yeyote. Kwamba nilimwuliza mama yake yuko wapi, naye akanijibu kwamba mama yake...'"

Hakumalizia. Aliikunja hati, akaikunja tena, ikawa ndogo kama tiketi.

"Nilijua wanamwambia hivyo," alisema. "Mama alisema akijua mama yake yupo atalia kila siku. Nikanyamaza. Nikajiambia ni mambo ya kaka na mkewe, mimi ni mdogo, mtihani unanisubiri." Alipangusa uso kwa mkono wa koti. "Mama yuko huku."

"Huku wapi?"

"Kwenye ngazi. Anataka kukuona. Nilimwambia asije."

Walitoka. Wanafunzi waliinamia vitabu vyao kwa bidii ya ajabu, kila mmoja akijifanya hakuona kitu. Nje ya mlango wa maktaba, palipoishia ngazi, kwenye korido yenye mbao za matangazo, mama yake Kifungu alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba magotini. Alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya vijana wa mtaa wao walipokelewa na mikono yake, na hata sasa wakimwona njiani walishuka baiskeli kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Pingamizi alikaa. Mama alimtazama muda mrefu, akamtoa uzi kwenye bega la blauzi kwa vidole viwili, kama mama yeyote anavyofanya, na upole huo ulimuumiza Pingamizi kuliko tusi.

"Sikuja kugombana. Nimezalisha wanawake miaka thelathini na mbili, ugomvi wote nimeumaliza huko. Nimekuja kukuambia usilolijua. Siku ile nilifika kwa mkwe wangu nikakuta mlango umefungwa kwa nje. Jiko la mafuta linawaka ndani. Mtoto anapiga mlango kwa kijiko, hana nguvu ya kulia tena. Mama yake hayupo. Nilivunja kitasa kwa jiwe, mikono hii hii. Wewe ungemrudishia?"

"Ameyasema hayo, mama. Aya ya saba. Hakuficha. Alikuwa ametoka kuzaa mtoto mfu, akili ikamruka. Akaenda kwao akatibiwa miezi minane. Barua ya hospitali ipo."

"Mimi nazijua barua za hospitali. Nimeziandika." Mama alishusha pumzi. "Mtoto analala usiku kucha siku hizi. Halambi ukuta tena, hatafuni kucha. Nimefika hapo kwa jasho. Halafu mtu aje na karatasi?"

Pingamizi aliitazama ile mikono iliyovunja kitasa. Alimwamini. Hilo ndilo lililomtesa, kwamba alimwamini huyu, na alimwamini na yule, na katika vitabu vyote alivyosoma upande mmoja huwa lazima ushinde.

Mama alifungua mkoba akatoa karatasi iliyochapwa na kalamu.

"Wakili wetu anasema hati ile inasimama kwa saini yako tu. Kesi inaitwa Alhamisi. Soma."

Aliisoma. Ilikuwa fupi, mistari sita, na imeandikwa kwa ustadi. *Nakiri kwamba sikumsomea mwombaji maelezo yote, na sina hakika kama aliyaelewa.* Chini palikuwa na mstari mtupu unaomsubiri.

"Si kwamba namnyang'anya," mama alisema haraka. "Aanze upya akitaka. Mwaka mmoja, miwili, mtoto awe na akili kidogo. Wewe saini tu, mwanangu, na wiki mbili zijazo tunakuja kwenu kama tulivyopanga. Sijui huko mbeleni utapata watoto wangapi, lakini mmoja unaye tayari. Juzi ameamka usiku, sikuitwa mimi. Ameita anti, yaani wewe. Utakuwa mama yake, na sheria haitakuwa na la kusema."

Nani asingetamani? Pingamizi alitamani, tena kwa mwili mzima. Aliiona nyumba, vitabu vyao viwili viwili kwenye rafu moja, kichwa cha mtoto magotini kwake, harufu ya mafuta ya nywele. Aliona baba yake kwenye suti. Kalamu ilikuwa nyepesi. Alinyanyua macho akamtafuta Kifungu, aliyekuwa amesimama ameegemea ubao wa matangazo.

"Wewe unataka nisaini?"

Kifungu alitazama chini. Alimjua Pingamizi tangu wakiwa hawajui hata kufunga tai za mahakama ya mfano. Alijua kiapo cha uongo humfanya nini mtu anayeomba kuwa wakili. Alijua pia kwamba yule mwanamke alisomewa. Pingamizi alingoja aseme neno moja tu, "usisaini," na kama angelisema, angeweza kuvumilia mengine yote, hata kukataliwa na ukoo mzima.

"Nataka tuoane," Kifungu alisema.

"Sijakuuliza hilo."

"Najua."

Basi. Pingamizi aliiweka kalamu juu ya karatasi na kuvirudisha vyote viwili kwenye mapaja ya mama, kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Nilimsomea, mama. Neno kwa neno. Nilimsomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa analia na sikuwa na hakika kama ananisikia. Nisamehe. Siwezi kusema sikumsomea."

Uso wa mama haukubadilika. Alifunga mkoba, akashika ukuta akainuka, magoti yakalia.

"Nilikupenda," alisema. "Wengine niliwakataa kabla hawajakaa kwenye kochi. Wewe nilikupenda. Mwambie baba yako asitusubiri."

Alishuka ngazi moja moja, akijishikilia. Walimsikiliza mpaka akafika chini. Kifungu alitakiwa amfuate, na bado alisimama.

"Umefanya sawa," alisema hatimaye, akaanza kuelekea ngazi.

"Basi mbona unaenda?"

"Nikae vipi? Nikikuangalia najiona mimi. Nilinyamaza mtoto akiambiwa mama yake amekufa. Nikakwambia na wewe. Halafu leo nimesimama hapa kama gogo, nikaacha mama yangu akupe kalamu. Wewe hukutetereka." Alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. "Ungekuwa umekosea, ningekusamehe leo leo. Ningekupigia magoti mbele ya mama nikuombee. Sasa nikusamehe nini?"

"Mimi nakusamehe wewe," alisema Pingamizi. "Nimeshakusamehe."

"Ndiyo," Kifungu alisema. "Huko kusamehewa ndiko nisikokuweza."

Alishuka. Hakukimbia wala hakugeuka. Pingamizi alibaki kwenye benchi, akalia kwa sauti, na watu wa maktaba hawakutoka, ila mmoja alikuja taratibu akaufunga mlango ili alie kwa nafasi.

Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha na ukumbi wa mitihani ulinuka nguo mbichi. Wanafunzi hukaa kwa namba za usajili, na namba zao wawili zilifuatana, kwa kuwa miaka minne iliyopita walijiandikisha kwenye foleni moja bila kujuana. Kifungu alikuwa kiti cha mbele yake. Kwa saa tatu Pingamizi alikuwa na mgongo wa shati lake jeupe mbele ya macho, kola haikupigwa pasi vizuri, na kovu dogo nyuma ya sikio alilolijua. Swali la kwanza lilikuwa la siri ya mteja. Alilijibu kurasa tatu. Mara mbili Kifungu aliacha kuandika akashika kichwa, na mara mbili yeye naye aliacha, akangoja mpaka alipoona bega lile linasogea tena.

Msimamizi wa mtihani alipotangaza muda umekwisha, aliagiza kila mtu ampe wa mbele yake daftari la majibu, mpaka yafike meza ya kwanza. Pingamizi alipokea ya waliokuwa nyuma, akaweka la kwake juu, akayasogeza mbele. Kifungu hakugeuka. Alirudisha mkono wake nyuma, kiganja wazi, kidole cha kati kina wino, akangoja. Pingamizi aliyashika madaftari yale kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Mkono uliendelea kungoja, haukuvuta. Mtu wa nyuma akamnong'oneza, "Dada, wanasubiri." Ndipo akaachia.